Kamba ya nguo Lemara: Aibu inavyouza sabuni, shabu na vipipi

Ni Jumamosi, saa nne asubuhi, kwenye nyumba moja ya kupanga Lemara, jijini Arusha. Familia saba, choo kimoja, bafu moja, bomba moja. Kamba ya kuanikia imevutwa kutoka kwenye nguzo ya geti hadi kwenye mparachichi, na imejaa: mashuka, vitenge, sare za shule, jinzi, jezi ya Simba na ya Yanga zimebanwa kwa kibanio kimoja.

Hakuna chupi hata moja.

Si kwamba hazikufuliwa. Zilifuliwa jana usiku bafuni, wenyewe wakioga, na zipo. Nyingine zinaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Nyingine zimetandazwa ubavuni mwa kitanda. Mbili tatu zimepata nafasi kwenye kamba, ila zimefunikwa kanga juu, zisionekane. Mama mwenye kanga hiyo alinieleza kwa sauti ya chini kwamba tangu akiwa binti aliambiwa nguo ya ndani haionwi na jirani, na kwenye nyumba ya kupanga jirani yuko kila upande.

Ni miezi ya baridi. Wingu limelala juu ya Mlima Meru mpaka saa sita mchana, na nguo iliyofichwa ndani inachukua siku mbili kukauka. Wakati mwingine haikauki kabisa. Jumatatu inavaliwa hivyo hivyo, na unyevu wake, chini ya suruali nzito na koti. Fangasi hawahitaji zaidi ya hapo.

Nilipotumwa kuandika kuhusu usafi wa sehemu za siri kwa watu wazima, nilitegemea habari ya maji na sabuni. Kila nilipouliza, nilikuta aibu imetangulia. Ndiyo inayoficha nguo jua lisiione, inayompeleka mwanamke kwa muuza shabu kabla ya kumpeleka zahanati, na inayomfanya mwanaume ajikune miezi sita bila kumwambia mtu.

Kata iliyoijua harufu ya jiji

Lemara iko kusini mwa katikati ya jiji, upande wa Njiro, jirani na Mto Themi. Kwa miaka mingi majitaka ya Arusha yaliteremshwa mpaka kwenye mabwawa yaliyojengwa hapa, kabla mabwawa mapya hayajachimbwa Terrat. Mkazi wa zamani wa Lemara hahitaji kuelezwa harufu ya uchafu ni nini.

Maji safi nayo yalikuwa ya kusubiri. Ndoo zilipangwa usiku, na aliyelala mapema alikosa. Mradi mkubwa wa Sh520 bilioni, uliofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika na kusimamiwa na Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Arusha, ulilenga kupandisha uzalishaji kutoka lita milioni 40 kwa siku hadi lita milioni 200. Kwa hiyo sababu ya zamani ya kuoga pasipoti, yaani uso, kwapa na miguu basi, imepungua nguvu.

Lakini maji ya bomba la Arusha alfajiri ya Julai yanauma mifupa. Mwenye hita au jiko la gesi anapasha. Asiye navyo anaosha panapoonekana, anavaa koti, anatoka. Panapoachwa ni pale pale pasipoonekana.

Neno lililoharibu kila kitu

Kiswahili chetu kina tatizo hapa, na sijaona likijadiliwa vya kutosha. Ule umajimaji ambao uke wenye afya huutoa kila siku, mwepesi au mzito kidogo kulingana na siku za mwezi, tunauita nini? Mtaani, dukani, hata kwenye baadhi ya mabango ya afya, unaitwa uchafu. "Kutokwa na uchafu ukeni." Msichana wa miaka 13 anaona alama kwenye nguo yake ya ndani, anaambiwa ni uchafu, na kuanzia siku hiyo anaanza kuuondoa. Anauondoa kwa miaka 40.

Si uchafu. Ni ute, na una kazi.

Mwaka 1892 daktari wa Kijerumani, Albert Döderlein, alieleza bakteria aliowakuta kwenye uke wa wanawake wenye afya. Leo tunawajua kama laktobasili. Bakteria hao hutengeneza asidi ya maziwa, ile ile inayofanya mtindi uwe mchachu, na kwa asidi hiyo huufanya uke uwe na pH kati ya 3.8 na 4.5. Kwenye uchachu huo vijidudu vingi vya maradhi havistawi. Ute unapotoka unabeba seli zilizokufa na kuzitoa nje, na kazi hiyo unaifanya usiku na mchana.

Sabuni ya mche na nyingi za kuogea zina pH ya 9 au 10. Ukiiingiza ndani unaua walinzi na kuwaachia mlango wengine. Kinachofuata mara nyingi ni ugonjwa ambao madaktari huuita bakteria vajinosisi: ute wa kijivu, mwepesi, na harufu ya shombo la samaki, kali zaidi baada ya tendo la ndoa. Mwanamke anaisikia harufu hiyo, anaona hajaosha vya kutosha, anaongeza sabuni, na harufu inaongezeka.

> Anaongeza sabuni, harufu inaongezeka, naye anaongeza sabuni tena.

Mzunguko huo ndio biashara yenyewe ilipo.

Ile ya kubana ipo?

Kwenye masoko ya Arusha, Kilombero na Soko Kuu, shabu huuzwa wazi mezani, mawe meupe yanayong'aa kama barafu chafu. Ni kitu cha zamani na chenye kazi halali: vinyozi huipaka kidevuni baada ya wembe, watu huitumia kutuliza tope kwenye maji ya kisima, watengeneza ngozi wanaijua. Hata hivyo mteja wa kike anapoinama na kuuliza kwa kunong'ona, "Dada, ile ya kubana ipo?", muuzaji haulizi kubana nini.

Shabu hukausha na kukaza nyama laini. Mwanamke anahisi mabadiliko na anaamini imefanya kazi. Kilichotokea ni kwamba ngozi nyororo ya ndani imekakamaa na kukosa ute wake, na wakati wa tendo la ndoa inachubuka. Michubuko hiyo haionekani kwa macho, lakini virusi vinapita.

Kwenye simu biashara imebadilisha sura. Kuna vipipi vya kuweka ukeni, kuna vijiti, kuna mchanganyiko wa majani kwenye chupa isiyo na lebo, kuna sabuni za waridi zenye picha ya ua na ahadi ya kurudisha usichana. Wapo wanaotumia ndimu, magadi, punje ya kitunguu saumu na mtindi. Mtindi unaonekana kuwa na mantiki kwa sababu una laktobasili, ila wale wa mtindi si wale wa ukeni, na sukari iliyotiwa kwenye mtindi wa dukani ni chakula cha fangasi.

Niliwasikiliza wauzaji, na haki ni kusema wanachosema. Wengi ni wanawake, wengine wametumia wanachouza na wanakiamini. Wanasema hawamlazimishi mtu, wateja wanakuja wenyewe wakilia kwamba mume ameanza kuchelewa kurudi. Wanasema hospitali haina muda wa kusikiliza habari za ndoa ya mtu. Hilo la mwisho lina ukweli ndani yake, na watumishi wa afya wanapaswa kulichukua kwa uzito. Mwanamke aliyeulizwa kwa sauti kubwa mbele ya foleni anasumbuliwa na nini hatarudi, na muuza vipipi anamsikiliza nusu saa.

Lakini kusikiliza vizuri hakuibadilishi shabu kuwa dawa.

Waliochunguza wanasema nini

Jambo hili si la Arusha peke yake, wala si la Afrika peke yake. Shirika la Afya Duniani lilipochunguza mila za namna hii lilizikuta Tete nchini Msumbiji, KwaZulu-Natal Afrika Kusini, Yogyakarta Indonesia na Chonburi Thailand. Na Marekani, kati ya miaka ya 1920 na 1950, dawa ya kuulia vijidudu ya Lysol, ambayo wengi waliijua kwa kusafishia nyumba, ilitangazwa magazetini kama usafi wa kike. Matangazo yake yalionyesha mke aliyeachwa na kumwambia kosa ni lake, hakujisafisha. Wapo waliopata majeraha ya kuungua. Ukiweka tangazo lile kando ya lile la vipipi la leo, utaona woga unaouzwa ni ule ule.

Hapa kwetu, watafiti waliofanya kazi Mwanza na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu waliwafuatilia wanawake wanaofanya kazi kwenye baa, nyumba za wageni na vibanda vya chakula. Kujisafisha ndani kwa vidole, maji na sabuni kulikuwa jambo la kawaida kabisa kwao, la kila siku.

Mwaka 2011 jarida la PLoS Medicine lilichapisha uchambuzi uliounganisha tafiti 13 za kusini mwa Jangwa la Sahara, zenye wanawake zaidi ya 14,000. Waliotumia sabuni ndani ya uke walikuwa na uwezekano wa kuambukizwa VVU uliozidi wa wengine kwa takriban robo. Waliotumia vitambaa au karatasi kujipangusa ndani, uwezekano wao ulizidi kwa karibu nusu. Walioweka vitu vya kukausha au kubana, kwa karibu theluthi. Tafiti za aina hii hazithibitishi moja kwa moja kwamba sabuni ndiyo iliyoleta ugonjwa, kwa sababu wanaojisafisha sana wanaweza kuwa na mambo mengine yanayowaweka hatarini. Lakini hakuna hata kundi moja kati ya hayo lililoonekana kulindwa.

> Nje ya uke: maji, na sabuni isiyo na manukato kwa anayeitaka. Ndani: hapana kitu.

Ushauri wa madaktari wa magonjwa ya wanawake ni mfupi kiasi kwamba hauuzwi. Osha nje kwa maji ya uvuguvugu mara moja au mbili kwa siku. Pangusa kutoka mbele kwenda nyuma, usirudishe. Kausha. Vaa pamba. Nenda haja ndogo baada ya tendo la ndoa, kwa sababu njia ya mkojo ya mwanamke ina urefu wa sentimita nne hivi tu na bakteria wa haja kubwa hawana safari ndefu kuifikia.

Hapo ndipo inapoanzia ile UTI ambayo kila mtu Arusha anayo. Nasema kila mtu kwa sababu neno hilo sasa limebeba kila muwasho, kila maumivu ya kiuno, kila homa isiyojulikana. Mwenye fangasi anasema ana UTI, mwenye kisonono anasema ana UTI, na wote wanaishia kununua vidonge vya antibayotiki dirishani, dozi nusu. Fangasi wa ukeni, wenye ute mweupe mzito kama maziwa ya mgando na muwasho mkali, huongezeka kwa antibayotiki badala ya kupungua.

Pwani walifundisha wote wawili

Kuna urithi mzuri ambao sisi wa bara tumechukua nusu yake.

Pwani na visiwani, usafi wa mwili una elimu yake na walimu wake. Kuna kuchamba kwa maji kila baada ya haja, kuna kujifukiza udi, kuna singo na liwa za kusugulia mwili, kuna asmini kwenye nywele na kikuba kifuani. Binti alikuwa na somo wake au kungwi, mtu mzima anayemjibu bila kucheka. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 17, 2013, dunia ilimjua kwa taarab, lakini Unguja alikuwa pia mtu wa unyago, mwenye kuwafunda wari.

Mafundisho ya Kiislamu yanayataja mambo matano ya maumbile: tohara, kunyoa nywele za kinena, kuondoa za kwapa, kukata kucha na kupunguza masharubu, na muda wa kuacha yale manne ya kunyoa na kukata usizidi siku 40. Tazama orodha hiyo vizuri. Karibu yote ni ya mwanaume kama yalivyo ya mwanamke, na mengine ni yake zaidi. Hakuna mahali imeandikwa abane chochote.

Arusha ya leo kungwi amegeuka kuwa mwalimu wa kicheni pati. Ukumbi unapambwa, vyombo vinatolewa, na saa moja ya mwisho bibi harusi anaelezwa namna ya kuwa msafi ili asiachwe. Nimekaa kwenye sherehe hizo. Yamo mafunzo mema, na yamo mengi yanayomtoa binti pale akiwa na hofu na mfuko wa dawa.

Bwana harusi hana kicheni pati. Anafundwa na nani? Na fundi suti.

Kijiwe cha bodaboda

Waendesha bodaboda wa Lemara hukaa juu ya kiti cha ngozi bandia saa 12 mpaka 14 kwa siku. Ndani bukta, juu yake jinzi, juu yake suruali ya mvua. Barabara ya vumbi huwapa vumbi, mvua huwapa tope, na katikati ya mapaja jasho halina pa kwenda.

Mazungumzo yalianza na kucheka. Baada ya dakika kumi yalikuwa ya kweli. Karibu kila aliyebaki kuzungumza alishawahi kupata ile miwasho ya mapajani, mduara mwekundu unaotanuka pembeni na kufifia katikati. Ni fangasi wa ngozi, na dawa yake ipo: krimu ya klotrimazole, mara mbili kwa siku, na kuendelea kupaka siku kadhaa baada ya ngozi kuonekana imepona. Matatizo ni mawili. Muwasho ukiisha siku ya nne wanaacha, na fangasi anarudi. Au wanapaka krimu zenye steroidi, zile zile zinazotumiwa na wengine kujichubua. Muwasho unatulia kwa haraka, huku fangasi akisambaa chini kwa chini.

Tohara kwa vijana wa Kiarusha na Kimasai ni jambo la rika na heshima. Lemara ya leo ina watu wa kila mkoa, na si wote waliotahiriwa. Majaribio matatu yaliyofanyika Orange Farm Afrika Kusini, Kisumu Kenya na Rakai Uganda yalionyesha kuwa tohara hupunguza uwezekano wa mwanaume kupata VVU kwa mwanamke kwa takriban asilimia 60, na mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Asiyetahiriwa anapaswa kuvuta govi nyuma kila anapooga, aoshe kwa maji ule utando mweupe unaojikusanya, akaushe, arudishe. Ni kazi ya nusu dakika. Aliyetahiriwa naye anaoga. Nimeona vijana wanaodhani tohara imewamalizia kazi hiyo.

Nguo ya ndani ibadilishwe kila siku. Ya mitumba isinunuliwe kabisa: Shirika la Viwango Tanzania (TBS) limeipiga marufuku kwa miaka mingi, na bado ukizunguka kwenye mitumba ya Samunge utaipata imefunikwa na nguo nyingine. Muuzaji anaificha kwa kuogopa sheria, na mnunuzi anaificha kwa aibu.

Wembe mmoja, watu wangapi?

Kunyoa ni mada inayogawa watu. Wapo wanaoona nywele za kinena ni uchafu wenyewe. Wapo madaktari wanaokumbusha kwamba nywele hizo hupunguza msuguano na kuikinga ngozi laini, na kwamba asiyenyoa si mchafu mradi anaoga. Mimi naona ni uamuzi wa mtu, dini yake na mwili wake. Kisicho cha uamuzi ni namna ya kunyoa.

Uchunguzi wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017 kwenye JAMA Dermatology uliwahoji watu wazima 7,570. Kati ya walionyoa au kupunguza, robo walisema wamewahi kujiumiza, wengi kwa kujikata. Hao ni watu wenye mabafu yenye taa na vioo. Kwenye bafu la pamoja la Lemara, mlango wa bati, mwanga wa simu, jirani anagonga anataka kuingia, mkono unatetemeka.

Punguza kwanza kwa mkasi. Lainisha kwa maji ya moto na sabuni. Nyoa kufuata nywele zinakoelekea, si kinyume, maana kinyume ndiko kunakoleta vipele na nywele zinazoota kwa ndani, hasa kwa nywele zetu za kujikunja. Wembe uwe wako peke yako. Mke na mume wanaotumia wembe mmoja, wanaopangana chumba wanaokopeshana, wote wanachangia damu, na homa ya ini aina B huishi nje ya mwili siku saba au zaidi. Krimu za kunyolea zijaribiwe kwanza kwenye mkono, na zisifike kwenye ngozi ya ndani. Vivyo hivyo poda: Julai 2024, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka talki kwenye kundi la vitu ambavyo huenda kwa kiasi kikubwa vinasababisha saratani. Hakuna sababu ya kuinyunyiza huko.

Nani anasimamia?

Hadi mwaka 2019 vipodozi, chakula na dawa vilikuwa chini ya mamlaka moja, TFDA. Kuanzia Julai mwaka huo vipodozi na chakula vilihamia TBS, na iliyobaki ikawa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Dawa za asili ziko chini ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, kwa sheria ya mwaka 2002.

Sasa kipipi ni nini? Muuzaji akikiita kipodozi ni cha TBS. Akisema kinatibu ni cha TMDA. Akisema ni majani ya bibi ni cha Baraza. Kwa vitendo hakina lebo, hakina anwani, kinaletwa na bodaboda mpaka mlangoni, na taasisi zote tatu zinaweza kusema hakijafika mezani kwao. Naamini zinapaswa kukaa pamoja na kutoa tamko moja, kwa Kiswahili chepesi, lenye neno shabu na neno vipipi ndani yake.

Serikali imewahi kugusa eneo hili kupitia bei. Julai 2018 iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, na mwaka uliofuata ikairudisha kwa maelezo kwamba bei madukani haikushuka na mlaji hakunufaika. Kenya iliiondoa kodi hiyo mwaka 2004. Mwanamke wa Lemara asiyemudu taulo anatumia kitambaa, na kitambaa kilichofuliwa vizuri na kukauka juani ni salama kabisa. Kikaukie juani, lakini. Kinakaukia wapi? Turudi kwenye msumari nyuma ya mlango.

Harufu ni taarifa

Nimeliacha jambo hili nyuma kwa makusudi, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike makala haya kwa hamaki.

Harufu mpya, ute uliobadilika rangi, damu baada ya tendo la ndoa au damu baada ya kukoma hedhi ni taarifa ya mwili. Inaweza kuwa bakteria, ugonjwa wa zinaa au fangasi, na mengi ya hayo yanatibika kwa siku chache. Inaweza pia kuwa saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Hospitalini wengi wao hufika ikiwa imekwishasambaa. Mwanamke anayeificha harufu kwa sabuni ya waridi miezi minane amepoteza miezi minane aliyokuwa nayo.

> Sabuni inaficha harufu kwa saa chache. Inachoficha kinaendelea kukua.

Saratani hiyo husababishwa na kirusi cha HPV, ambacho mwanaume mara nyingi hukibeba bila dalili. Chanjo ilianza kutolewa nchi nzima Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikawa dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Mama wa binti wa umri huo aulize shuleni au kituo cha afya.

Kwa mwanamke aliyepita umri huo kuna uchunguzi. Mwenye aibu ya kuanza kwa kuonana na mtu uso kwa uso anaweza kwanza kupiga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya, jina lake lisijulikane. Kisha aende kwenye kituo cha afya cha karibu au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Mount Meru, na akiulizwa shida aitaje kwa jina lake: natoka ute wenye harufu, naona damu, nawashwa. Aende na mumewe, kwa sababu magonjwa ya zinaa yakitibiwa kwa mmoja yanarudi kutoka kwa mwingine. Siku mbili kabla ya kwenda asijioshe ndani kwa chochote, maana daktari anahitaji kuona ule ule ute ambao maisha yake yote ameambiwa auondoe.

Kipimo cha mlango wa kizazi hutumia siki iliyopimwa, inayopakwa na mtaalamu aliyefunzwa. Penye mabadiliko hugeuka peupe. Huchukua dakika chache, na kinamlenga kila mwanamke wa miaka 30 hadi 50, awe na dalili au asiwe nazo.